Ufunguo Uko Wapi Moto Ukiingia?



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa moto ukawa neema ya kupikia na kuotea, kisha akaujaalia kuwa ukumbusho wa Moto ulio mkubwa zaidi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu wasomaji, na hasa nyinyi mama zetu na dada zetu ambao katika kila nyumba ndio mnaolala mwisho na kuamka mwanzo, juma hili nataka tuzungumze juu ya moto. Lakini nitaanzia mahali ambapo pengine hamkutarajia. Nitaanzia kwenye kufuli.

Wakati wa likizo ya shule iliyopita nilialikwa Kamere kutoa darasa kwa siku tatu. Kamere ni mji mdogo ulio kusini mwa Ziwa Naivasha, katika kaunti ya Nakuru, kando ya barabara inayolizunguka ziwa kwa upande huo. Karibu nao yako mashamba makubwa ya maua, yale yanayopeleka mawaridi Ulaya, na juu yake iko milima ya Olkaria, ambako mvuke utokao ardhini huzalisha umeme wa nchi. Wakazi wake wengi ni wafanyakazi waliotoka mbali: Magharibi, Nyanza, Ukambani, na wachache kutoka huku kwetu Pwani. Hukaa katika vyumba vilivyojengwa kwa mistari, mgongo kwa mgongo, chumba kimoja familia moja. Kila chumba kina mlango mmoja na dirisha moja, na dirisha lenyewe limetiwa nondo.

Mmoja wa wenyeji wangu alikuwa binti niliyemsomesha Juzuu Amma miaka mingi iliyopita. Leo ni mama wa watoto watatu. Mumewe ni dereva wa lori, na yeye hufungasha maua katika shamba mojawapo. Asubuhi ya siku ya pili, nilipokuwa nikirudi kutoka swala ya alfajiri, nilimkuta nje ya chumba chake. Kulikuwa bado na giza, na baridi ya Naivasha si ya mchezo, kwa kuwa ziwa lile liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Amevaa koti zito juu ya buibui. Alikuwa akifunga mlango kwa kufuli, kwa nje. Ndani nikasikia mtoto anakohoa.

Nikamuuliza, "Mwanangu, ndani kuna nani?"

"Ni watoto, mwalimu. Shule zimefungwa. Mkubwa ana miaka tisa, wa pili mitano, wa mwisho miwili."

"Na jiko?"

"Nimelizima kwa maji, mwalimu. Uji nimewawekea kwenye chupa."

"Na moto ukizuka chumba cha jirani?"

Alinyamaza kidogo. Kisha akanijibu kwa adabu, lakini bila kuinamisha macho. "Mwalimu, tangu nihamie hapa, moto sijauona mtaani huu. Lakini mtu mbaya nimemwona. Nikiuacha mlango wazi, ni nani atakayeniokolea binti yangu?"

Basi la wafanyakazi likapiga honi. Akaufunga ufunguo katika pindo la mtandio wake, akaniomba dua, akaenda zake.

Nilibaki nimesimama pale. Kusema kweli, nilikuwa nimekwisha kutayarisha moyoni maneno ya kumkemea atakaporudi jioni. Nikatia mkono katika mfuko wa kanzu nitoe tasbihi, na vidole vyangu vikakuta kishada cha funguo. Zilikuwa funguo za nyumbani kwangu Mombasa. Nyumba yangu, kama nyumba nyingi za mjini, ina nondo katika kila dirisha, na mlango wa nyuma una geti la chuma lenye kufuli. Ufunguo wa geti lile ni mmoja tu, na mimi ndiye nimekaa nao kwa miaka. Kwa siku mbili mke wangu na wajukuu wetu wawili walikuwa wamelala katika nyumba yenye njia moja tu ya kutokea, nayo inapita jikoni, penye mtungi wa gesi. Nami nilikuwa mbali nao kwa safari ya siku nzima, na ufunguo uko mfukoni mwangu.

Binti yule alimfungia mtoto kwa hofu ya mtu mbaya aliyemwona kwa macho yake. Mimi niliwafungia watu wangu kwa kusahau tu. Basi kemeo lile nikalirudisha kwangu mwenyewe, na makala haya ndiyo matunda yake.

Tuliyofundishwa

Dini yetu haikuliacha jambo hili bila ya mwongozo. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari habari ya nyumba iliyoungua Madina usiku pamoja na watu wake. Alipoelezwa, Mtume (s.a.w.) alitanabahisha kuwa moto ni adui yetu, na akaamuru tuuzime tunapokwenda kulala. Katika mapokezi ya Jabir akaagiza milango ifungwe, vyombo vifunikwe na taa zizimwe, na akataja hata panya mdogo anayeweza kuukokota utambi akaiteketeza nyumba na walio ndani.

Tazameni hikma iliyomo. Mtume anaamrisha mlango ufungwe, na papo hapo anaamrisha taa izimwe. Hakuiacha hatari moja kwa ajili ya nyingine: mlango ni kwa ajili ya mwizi na shetani, taa ni kwa ajili ya moto. Sisi tumeshika nusu ya mafundisho. Milango tumeifunga barabara, tena kwa chuma, lakini moto tumeuacha ndani pamoja nasi: gesi, umeme, makaa na mishumaa. Na mlango wa zama zile ulikuwa na komeo la ndani, ambalo aliye ndani hulifungua kwa mkono wake. Kufuli la nje, au geti ambalo ufunguo wake haujulikani ulipo, ni jambo jingine kabisa.

Moto na kufuli

Kaunti ya Nakuru inaujua moto. Tarehe 31 Januari 2009 huko Sachang'wan, karibu na Molo, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli iliyomwagika, na ulipolipuka waliangamia zaidi ya mia moja. Tarehe 10 Disemba 2016, usiku, lori lililobeba shehena inayoshika moto liliyavaa magari huko Karai, Naivasha, na watu wapatao 40 wakafa. Hiyo ni mioto ya barabarani ambayo kila mtu aliiona. Lakini ipo aina ya moto inayoua watu wengi kwa sababu ndogo zaidi, nayo ni kwamba mlango haukufunguka.

Watu wa Pwani hatujasahau Machi 1998, bweni la shule ya wasichana ya Bombolulu lilipowaka usiku. Mabinti wapatao 26 walifia humo. Madirisha yalikuwa na nondo na milango ilikuwa imefungwa. Miaka mitatu baadaye, Machi tena, mwaka 2001, wavulana 67 walikufa katika bweni la Kyanguli huko Machakos. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yametiwa nondo. Waliofunga hawakuwa wauaji. Walikuwa walezi waliotaka watoto wasitoroke na wezi wasiingie.

Na huko kazini ni vivyo hivyo. Tarehe 25 Machi 1911 kiwanda cha nguo cha Triangle huko New York kiliteketea, wakafa wafanyakazi 146, wengi wao wasichana wahamiaji. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa ili wasitoke na vitambaa. Ulimwengu ukasema hautarudia. Miaka mia moja na mmoja baadaye, Septemba 2012, kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises kiliungua Karachi, na zaidi ya watu 250 wakafa nyuma ya milango iliyofungwa na madirisha yenye nondo.

Moto wa Kyanguli na ule wa Karachi ulielezwa baadaye kuwa uliwashwa na watu kwa makusudi. Wengine watasema basi lawama ni ya aliyewasha. Naam, lawama ya kuwasha ni yake. Lakini ikiwa moto umetokana na mtu mbaya au na bahati mbaya, aliye ndani anahitaji kitu kimoja tu, nacho ni mlango unaofunguka. Hatuwezi kuzuia kila cheche. Kufuli lile ni letu wenyewe.

"Ni kadari ya Mungu"

Katika matanga ya watu walioungua nimesikia mara nyingi maneno haya: ni kadari, siku yao ilikuwa imefika. Ni kweli, hakuna kinachotokea ila kwa ujuzi wa Allah, na aliyekufa kwa kuungua tumefundishwa kumhesabu katika mashahidi, inshaallah. Hiyo ni faraja kwa waliofiwa, wala simnyang'anyi mtu faraja yake. Lakini kadari ni maneno ya kusemwa baada ya msiba, si kabla yake. Kabla ya msiba tumeamrishwa tusijitie katika maangamizi kwa mikono yetu, na bedui aliyeuliza habari ya ngamia wake alielekezwa amfunge kwanza, kisha ategemee.

Tizameni yaliyofanyika Mina. Tarehe 15 Aprili 1997 moto ulizuka katika hema za mahujaji, ukawaua watu 343. Waliokufa wamo katika ibada, wamevaa ihramu, katika ardhi tukufu. Kama kuna mahali ambapo watu wangeweza kutosheka kwa kusema ni kadari, ni hapo. Lakini hawakutosheka. Hema za zamani ziliondolewa, zikajengwa nyingine za kitambaa kisichoshika moto kwa urahisi, na mitungi ya gesi ikapigwa marufuku hemani. Hiyo ndiyo tadbiri, na tadbiri ni sehemu ya tawakkul.

Stara na uhai

Kuna jambo jingine ambalo sisi masheikh tunaona haya kulitaja, nami nitalitaja. Mwezi wa Machi 2002 moto ulizuka katika shule ya wasichana mjini Makka, na wasichana 15 wakafa. Lango lilikuwa limefungwa, na jengo lilikuwa na msongamano. Magazeti ya huko huko yaliandika kuwa baadhi ya wasimamizi wa maadili waliwazuia wasichana kutoka kwa kuwa hawakuwa wamejifunika. Serikali ilikanusha kuwa hiyo ndiyo sababu ya vifo, lakini mkuu wa elimu ya wasichana aliondolewa, na shule zao zikahamishiwa chini ya wizara ya elimu.

Sikusudii kuhukumu yaliyopita. Ninakusudia binti zetu wasikie hukumu iliyo wazi kutoka kwa mtu mwenye kilemba: moto ukizuka, toka. Usirudi kutafuta buibui. Usisubiri mtandio. Usisite kwa sababu nje kuna wanaume. Kuhifadhi uhai ni katika makusudio makubwa ya sharia yetu, na dharura huhalalisha kilichokatazwa. Utafunikwa nje kwa leso ya jirani. Nanyi wanaume mliosimama nje, kazi yenu ni kuvua koti na kumfunika dada yako, wala si kumtazama wala kumlaumu. Mwambieni binti yenu hivi leo, mkiwa mezani, ili siku hiyo asipoteze dakika kwa kufikiri.

Mahali pa kazi

Dada zetu wengi sasa hufanya kazi nje: katika mashamba ya maua, viwanda vya nguo, mahoteli, maduka na maofisi. Jueni haki yenu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri asifunge mlango wa kutokea kwa namna ambayo aliye ndani hawezi kuufungua upesi wakati watu wamo kazini. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama ambayo wafanyakazi wenyewe wamo ndani yake. Kanuni za moto za mwaka huo huo zinataka mazoezi ya kuokoka moto yafanywe angalau mara moja kwa mwaka.

Basi siku ya kwanza kazini, kabla hujajua choo kiko wapi, jua mlango wa pili uko wapi. Tazama kama umezibwa kwa makatoni. Uliza ni nani mwenye ufunguo. Ukiona umefungwa, usiseme peke yako ukaonekana mkorofi. Semeni wengi, kupitia kamati au chama cha wafanyakazi. Huko ni kuamrisha mema kama kwingine kote.

Na wewe mwenye duka la nguo au karakana ya ushonaji, usijione uko nje ya maneno haya. Vitambaa, pasi na nyaya za umeme zilizorundikwa katika soketi moja ni kuni zinazosubiri. Zima pasi ukatazame tena kwamba umezima. Usifunge shutara watu wakiwa ndani.

Tena lipo jambo zito zaidi. Nyumba yako, mama, ni mahali pa kazi pa mtu mwingine. Yule dada wa kazi unayemfungia ndani na watoto, ukaondoka na ufunguo kwa kuwa humwamini, ni mfanyakazi aliyefungiwa kama wale wa Karachi. Tunalia tukisikia mabinti zetu waliokwenda Ghuba wamefungiwa na waajiri wao. Tuanze na makufuli yetu. Ikiwa humwamini kumpa ufunguo, basi umemwaminije kumpa mtoto?

Nyumbani

Sasa nije kwenye yale ya kila siku, maana kinga ya kweli iko huko.

Gesi. Mtungi usimame wima, mahali penye hewa, mbali na mlango wa kutokea ikiwezekana. Mtungi mdogo wa kilo 6 ambao wengi huuita meko usiuwashe sakafuni kitandani kwa mtoto kando yako. Mpira ukipasuka, usiufunge kwa utepe, nunua mwingine. Kuvuja kunapimwa kwa povu la sabuni, si kwa kiberiti. Ukinusa gesi usiku, usiwashe taa wala usiizime, kwa kuwa swichi hutoa cheche. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, toa watu nje. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hukaa chini, pale pale watoto wanapolala kwenye mkeka.

Makaa. Ndugu zetu waliohamia sehemu za baridi kama Naivasha, jiko la makaa si la kulala nalo chumbani. Hata lisipowasha kitu, hutoa hewa ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu, na mtu hulala asiamke. Jifunikeni blanketi mbili, jiko libaki nje. Na chetezo nacho ni jiko. Baada ya kufukiza udi, makaa yamwagiwe maji, yasisukumwe chini ya kitanda wala kuwekwa chini ya nguo zilizotundikwa.

Mafuta. Stovu ya mafuta ya taa haijazwi ikiwa inawaka au ingali moto. Mafuta yasiwekwe katika chupa ya soda, kwa kuwa mtoto hunywa. Petroli haina nafasi ndani ya nyumba hata kidogo. Mafuta ya kukaangia yakishika moto, usimwage maji kamwe, kwani yatalipuka na kutapakaa. Zima jiko, funika karai kwa mfuniko, liache lipoe. Jambo hili hutufika zaidi mwezi wa Ramadhani, wakati sambusa zimo karaini na adhana inakaribia. Futari ikichelewa hakuna dhambi.

Umeme. Soketi moja isibebe friji, pasi na birika pamoja. Waya uliochunika usifunikwe kwa zulia. Simu isichajiwe juu ya godoro wala chini ya mto. Umeme ukikatika, mshumaa uwekwe ndani ya sahani yenye maji, mbali na pazia na chandarua, nao uzimwe kabla ya kulala, kama tulivyoagizwa.

Na watoto wafundishwe mambo matatu kama wanavyofundishwa kutawadha. Moshi ukijaa, tambaa chini, kwa sababu hewa nzuri iko karibu na sakafu. Nguo ikishika moto, usikimbie, lala chini ujigaragaze. Ukishatoka, usirudi ndani kwa ajili ya kitu chochote, hata Msahafu, tutaupata mwingine. Aliyeungua amwagiwe maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, asipakwe dawa ya meno wala yai wala samli, afunikwe kwa kitambaa safi na apelekwe hospitali. Msaada huitwa kwa 999 au 112, lakini kumbukeni kuwa mahali kama Kamere gari la kuzima moto lina safari ndefu. Dakika za mwanzo ni zenu na jirani zenu.

Jawabu kwa binti yule

Nimeandika mengi, na swali la mwanafunzi wangu bado liko pale: ni nani atakayemwokolea binti yake? Sikuweza kumwambia aache mlango wazi. Hofu yake ni ya haki. Wala sikuweza kumwambia aache kazi, kwani watoto wale wanakula kwa kazi ile.

Jioni tulikaa na imamu wa msikiti wao mdogo wa mabati, na akina mama wengine wanne. Ilidhihirika kuwa watatu kati yao nao hufungia watoto kwa nje, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Hawakuwahi kuambizana kwa aibu. Mmoja wao, ambaye zamu yake huanza mchana, akasema angeweza kukaa na watoto asubuhi kama mwingine angekaa na wake jioni. Imamu akasema madrasa inaweza kufunguliwa mara tu baada ya alfajiri wakati wa likizo, wala si saa mbili. Nami nikawauliza wanaume waliokuwapo, wale wa zamu za usiku wanaolala mchana, kwa nini malezi ya asubuhi yawe mtihani wa mama peke yake. Walicheka, lakini wawili walijitolea.

Kuhusu mlango, tulikubaliana hivi. Kufuli la nje liondoke, litiwe komeo la ndani ambalo mtoto mwenye akili hulifikia. Pale ambapo lazima ufunguo utumike, uwe wa pili, utundikwe ndani kwenye msumari karibu na mlango, na wa tatu awe nao jirani mwaminifu. Mtoto mkubwa afundishwe kufungua gizani, macho yamefungwa, mara kumi. Na mtoto mdogo ambaye hawezi kufungua asiachwe peke yake kabisa, maana yeye hata mlango wazi haumfai.

Sidai kuwa tumelimaliza jambo. Zamu hubadilika, watu huhama, na mwezi ujao huenda mmoja akarudi kwenye kufuli lake. Msiwacheke. Waulizeni. Katika mtaa wako, mwislamu, huenda kuna mlango umefungwa kwa nje asubuhi hii na sauti ya mtoto iko ndani. Gonga kwa mama yake jioni, si kwa kumlaumu, bali umwambie, "Watoto walete kwangu." Jirani ana haki juu yako.

Mimi nilipiga simu nyumbani asubuhi ile ile. Mke wangu alimwita fundi akakata kufuli la geti la nyuma, na kabla sijarudi alikuwa ametia komeo. Aliponifungulia mlango aliniuliza neno moja tu: "Sheikh, miaka yote hii ulikuwa unatulinda na nani?" Sikuwa na jibu.

Basi usiku wa leo, mkishaswali isha na kabla hamjalala, fanyeni mambo mawili. Zimeni moto wote kama alivyotuagiza Mtume wetu. Kisha simama katikati ya nyumba, zima taa, na umwambie mtoto wako akuonyeshe ufunguo uliko. Akikosa, hamjalala bado.

Ewe Mola wetu, tulinde sisi na vizazi vyetu na moto wa dunia na Moto wa akhera, warehemu waliotutangulia kwa kuungua, uwape subira wazazi wao, na utujaalie kuwa milango ya kheri iliyo wazi kwa jirani zetu. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.